Vijiti Vilivyotushtaki

Karakana, 9 Januari

Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamwelewani. Ukifurahi unapiga kelele hadi sisikii neno, ukikasirika unaizima. Karatasi huwezi kuizima. Dereva wa lori la mbolea amekubali kuwa mjumbe wetu. Asipokukuta atakuachia kwenye ghala la kikundi.

Vile vipima unyevu nilivyokuwa nikikusimulia vimetoka! Watu wa kampuni watakuja kuvifunga kwenye mashamba ya mfereji wenu kabla mwezi haujaisha. Nimevichora mimi, Shangazi, mimi yule uliyeniita Kidude kwa sababu nilifungua redio yako, nikaifunga, na skrubu zikabaki mkononi.

Kila kimoja ni kijiti chenye meno mawili ya chuma. Meno yanazama hadi ilipo mizizi na kupima maji yaliyomo udongoni. Juu kuna kisanduku kilichozibwa kwa gundi ili mvua isipenye. Mwaka mzima nimepigana na sisimizi, maana wanaipenda gundi kuliko sukari. Sehemu ninayoionea fahari ni kidirisha chenye taa tatu. Nyekundu ikiwaka, udongo umekauka. Kijani, mambo sawa. Buluu, maji yamezidi, funga mfereji ukapumzike. Utaisoma mwenyewe, umesimama katikati ya vitunguu vyako, bila kumuuliza mtu.

Wewe ndiye mwenyekiti, kwa hiyo tafadhali wapokee vizuri vijana wa kampuni. Wasiogopeshwe na sauti yako. Kisha nitumie mkebe wa udongo wa shamba lako la chini na mwingine wa kwa Bi Mrefu kule juu. Naukausha kwenye oveni, naupima, naurudishia maji kidogo kidogo, ili kipima kiujue. Wenzangu hapa karakana wananiuliza kila asubuhi, "Leo unatuokea nini?"

Mpwa wako,
Kidude


Ghalani, 30 Januari

Mwanangu Kidude,

Vijana wako wamekuja, nimewapokea, hawakuogopa. Nilivyowapokea vizuri ndivyo nilivyokuja kujuta.

Kwanza, taa ziko wapi? Nimezunguka kile kijiti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakina dirisha, hakina taa, kina kisanduku cha kijivu na kufuli. Nikamuuliza yule mwenye kofia, "Mwanangu, hiki kinasema nini?" Akanijibu, "Mama, taarifa zinakwenda ofisini. Ofisi itakujulisha." Nikamwambia, "Kwa hiyo shamba langu litaongea na ofisi kabla ya kuongea na mimi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Pili, wamevichomeka vyote huku chini kwetu, kando ya barabara. Hawakupanda hata kwa Bi Mrefu. Nilipowaonyesha njia ya juu, wakasema mawimbi ya mtandao hayafiki na gari halipiti. Bi Mrefu aliwasubiri tangu asubuhi, amevaa kitenge kizuri, masikini, kama anayekwenda kupigwa picha.

Mgeni akiingia nyumbani mwako, akatazama mpaka chini ya kitanda, akatoka bila kukuambia alichokiona, wewe utamwita nani? Nimekifunika kimoja kwa ndoo. Kiongee na ndoo.

Mikebe ya udongo hiyo hapo. Wa chini ni ule mweusi unaonata. Wa juu ni ule unaokupita katikati ya vidole.

Shangazi yako


Karakana, 11 Februari

Shangazi,

Ondoa ndoo, nakuomba. Hapa ofisini tumeshinda kutwa nzima tukitafuta ugonjwa wa kipima ambacho umeme wake wa jua umekatika mchana kweupe. Mimi nilijua ni nini, nikanyamaza. Sikuweza kusema mbele ya Meneja kwamba ni shangazi yangu.

Kuhusu taa, mambo yalibadilika dakika za mwisho. Ndivyo kazi zilivyo. Tusiliongeze hilo.

Udongo wenu nimeupima. Ule mweusi wa chini unashika maji kama sifongo, ule wa juu unayaachia kama chujio. Namba moja ya kipima inaweza kumaanisha shibe kwa Bi Mrefu na njaa kwako. Kila udongo unahitaji kusomwa kwa kanuni yake.

Lakini kuna jambo, na usinirushie kiatu. Hata nikiusoma udongo wako kwa kanuni yake, shamba lako lina maji mengi mno. Unamwagilia kupita kiasi, Shangazi, wewe na majirani zako wote wa chini. Vitunguu havitaki kuogelea.

Kidude wako


Ghalani, 25 Februari

Wewe mtoto,

Nilianza kumwagilia kabla hujaota jino. Nimekulea kwa mfereji huu. Leo umenipima kwa mkebe wa maziwa ukaniona sijui kazi?

Hata hivyo hilo ni dogo. Sikiliza kubwa. Juzi ofisi ya maji imebandika tangazo kwenye mlango wa ghala letu. Kuanzia msimu huu zamu yetu ya maji itakatwa nusu. Sababu? "Vipima vilivyofungwa vimeonyesha kwamba ardhi ya wakulima wadogo imelowa kupita mahitaji." Nusu itakayokatwa inakwenda wapi? Kwa shamba kubwa la jirani, lile lenye ukuta na walinzi.

Vijiti vyako vimetushtaki, Kidude. Vimesimama mashambani mwetu, vimekula unyevu wetu, vimekwenda kutoa ushahidi dhidi yetu, na sisi hatukujua hata kwamba kuna kesi. Bi Mrefu, ambaye vitunguu vyake vinasinyaa wakati huu ninapoandika, naye amehukumiwa kwa maji ya shamba langu!

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia huo usemi. Sikujua kwamba nguo yenyewe ningeishona mimi.

Jumamosi ya pili ya Machi tunaving'oa vyote na kuvitupa barabarani. Usijisumbue kujibu.

Mwenyekiti wa kikundi


Ofisi ya Meneja, 4 Machi

Kwa Mbunifu wa Vifaa,

YAH: OMBI LAKO LA KUTOA TAARIFA ZA VIPIMA

Nimepokea ombi lako la kuwapa wakulima taarifa za vipima vyao na la kuhamishia baadhi ya vipima mashamba ya juu. Yote mawili yamekataliwa. Taarifa ni mali ya kampuni na ya wateja waliozinunua.

Aidha, nakukumbusha kwamba suala la kuondoa taa tulikwisha kulijadili kwa kirefu. Mkulima akijisomea mwenyewe hatakuwa na haja ya ofisi. Uliandika pingamizi, likasomwa, likafungwa. Naomba lisifunguliwe tena.

Nimearifiwa pia kwamba una ndugu katika kikundi husika. Siku ya mkutano wa ofisi ya maji na wakulima, tarehe 24, utakuwa hapa kwa mahojiano kuhusu mwenendo wako. Usiondoke mjini.

Meneja


Karakana, 6 Machi

Shangazi,

Umesema nisijibu. Najibu. Tabia hiyo nimeirithi kwako.

Ninaomba hii barua ikufikie kabla ya Jumamosi, na dereva ameapa kwa mama yake. USIVING'OE. Mkiving'oa watasema mnaficha. Viacheni vikae hapo, hata ndoo msifunike, vionwe na kila mtu kwamba vyote viko chini na hakuna hata kimoja juu. Hilo ndilo kosa lao. Msilifukie wenyewe.

Sasa nikuambie lile ambalo sikuliandika Februari. Taa hazikuondoka zenyewe. Nilizipigania kwa maneno na kwa maandishi, nikashindwa. Nilifikiri nikikuambia ungeona nilikutumia kitu nusu, nami nilikuwa nimejigamba sana. Habari kwamba vipimo vimefika ofisi ya maji nimezisikia kwako kwanza, nilipoulizia nikajibiwa kwa barua kwamba vimeuzwa. Nimekutilia nakala humu ndani. Isome kwa sauti, kwenye mkutano ukitaka.

Kwenye boksi utakuta vijiti vitatu. Nimeviunda nyumbani, juu ya meza ya kulia, kwa mabaki ya dukani na mabomba ya maji. Si vizuri, vina gundi kama vimelambwa na ng'ombe, lakini vina taa, na nimevifundisha udongo wenu wote wawili. Chenye utepe mweusi ni cha udongo wa chini. Vyenye utepe mweupe ni vya juu. Usichanganye.

Mimi sitaweza kuja. Wameniita kuhojiwa siku hiyohiyo, na mimi nataka kuhojiwa, maana nina ya kusema.

Jambo la mwisho, na hili sitalirudisha nyuma hata ukininunia mwaka. Chomeka chenye utepe mweusi shambani kwako, na ukiona buluu, ujue sikukudanganya. Wameisema kweli ya shamba moja wakaifanya ya mashamba yote. Dawa yake ni kuisema kweli nzima, na kweli nzima ina kipande chako.

Kidude


Ghalani, 15 Machi

Kidude,

Hatukung'oa.

Buluu imewaka. Nimekihamisha mara nyingi nisizotaka kuzitaja, kila nilipokichomeka kikawaka buluu. Mwishowe nikang'oa kitunguu nione kwa macho. Kilikuwa kizuri juu, kimenona, lakini mizizi imegeuka kahawia, nikiigusa inabaki mkononi. Nikang'oa cha pili. Hivyohivyo.

Nimechukia kwamba ulisema kweli. Nimechukia sana, nikaenda kulala bila kumsalimu mtu.

Asubuhi nikawaita wenzangu wa chini nikawaambia nitalisema hili mkutanoni. Weee! Fundi Baiskeli, yule mwenye shamba linalopakana na langu, akasimama. "Mwenyekiti, unataka kutupeleka mahakamani ukiwa umeshatufunga kamba?" Nikamwambia, mficha uchi hazai. Akasema, "Basi zaa peke yako."

Nitazaa peke yangu.

Na wewe huko kwenye mahojiano yako, usiseme "samahani" hata ukikanyaga mguu wa mtu.

Shangazi


Ghalani, 26 Machi

Mwanangu,

Keti, maana hii ni ndefu.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha ofisi ya maji. Meza mbele, sisi kwenye mabenchi. Mezani walikaa Bwana Maji, ndiye mkuu wa ofisi, na mwakilishi wa shamba kubwa, shati limenyooka kama limepigwa pasi likiwa mwilini. Pembeni yule kijana wa kampuni mwenye kofia. Ukutani wamebandika picha ya mashamba yetu imepakwa rangi ya buluu yote, toka barabarani hadi kilimani. Yote! Hata kwa Bi Mrefu kumepakwa bahari.

Bwana Maji akasoma tangazo, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Mashamba ya chini yamezidisha maji," nikasema. "La kwangu ndilo la kwanza. Mizizi inaoza. Vipima havikusema uongo."

Nyuma yangu palichafuka. Fundi Baiskeli aliniita jina ambalo sitaliandika, karatasi ni safi. Mwakilishi akatabasamu akasema, "Tunamshukuru mama kwa uungwana wake. Nadhani tumemaliza."

"Hujamaliza," nikamwambia, "mimi bado nimesimama. Sasa twendeni juu."

Bwana Maji akasema mkutano ni hapa chumbani.

"Maji hayapiti chumbani, Bwana. Yanapita mferejini. Mmegawa msichokiona."

Akasema hakuna gari. Bi Mrefu akainuka, unajua kimo chake, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi nimekuja kwa miguu." Akatoka. Wanawake wa juu wakamfuata. Kisha, sijui kwa nini, pengine aibu, Bwana Maji naye akavaa kofia yake akafuata. Mwakilishi ikabidi aje, na kiatu chake kile.

Kwa Bi Mrefu nikachomeka kijiti chenye utepe mweupe mbele ya watu wote. Nyekundu. Nikachomeka cha pili mwisho wa shamba. Nyekundu. Kijana wa kampuni akaruka, "Hicho si chombo cha kampuni! Hakitambuliki!" Bi Mrefu akamtazama toka kule juu alipo. "Mtoto wangu akiwa na homa," akamwambia, "siulizi kipimajoto kimenunuliwa wapi."

Watu wakacheka. Bwana Maji hakucheka. Alichuchumaa, akazamisha mkono udongoni mpaka kwenye kifundo, akautoa. Mkono ulikuwa mkavu, una vumbi tu. Akamuuliza kijana, "Hapa mlipima lini?" Kijana akasema, "Hapa… tulikadiria." "Mlikadiria kutoka wapi?" Kijana akaonyesha barabara, kule chini kabisa, hata haionekani vizuri.

Hapo ndipo nikaitoa barua ya Meneja wako nikaisoma. Niliposoma "mkulima akijisomea mwenyewe hatakuwa na haja ya ofisi," hata Fundi Baiskeli alisogea mbele asikie vizuri.

Nikasema, "Bwana Maji, sikuombi huruma. Sisi wa chini tutatoa zamu moja kwa wa juu, tutagawana humuhumu ndani. Lakini hata tone lisivuke ule ukuta kabla huko nako hakujapimwa. Kama vijiti ni haki, viingie na kwa tajiri."

Mwakilishi akasema shamba lao ni mali binafsi. Nikamuuliza, "Na langu ni la nani?"

Kwa kifupi, tangazo limesitishwa. Kila shamba litapimwa kwa kanuni ya udongo wake, ndipo zamu zizungumzwe. Bwana Maji ameandika hivyo na kutia sahihi, juu ya paja lake, pale shambani.

Bi Mrefu amepata maji jana. Sikwenda kumtazama, nilimsikia akiimba.

Mahojiano yako yalikuwaje? Mbona kimya?

Shangazi


Ofisi ya Meneja, 27 Machi

Kwa Mbunifu wa Vifaa,

YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA

Kufuatia mahojiano ya tarehe 24, ambapo ulikataa kuomba radhi mara zote ulipopewa nafasi, na kwa kuwa ulimkabidhi mtu wa nje barua ya ndani ya ofisi, ajira yako imesitishwa kuanzia leo. Rejesha michoro yote, vifaa vyote na ufunguo wa karakana.

Meneja


Nyumbani, 30 Machi

Bwana Meneja,

Michoro hiyo hapo yote, mpaka ile ya mwanzo yenye doa la chai. Ufunguo umefungwa kwenye karatasi. Vifaa nimeviacha juu ya meza vikiwa safi kuliko nilivyovikuta.

Kuna kitu sikukurejeshea. Najua kwamba udongo mweusi unashika maji na wa kichanga unayaachia. Hilo sikulikuta ofisini kwako na siwezi kuliacha ofisini kwako. Najua pia kutengeneza kitu kinachomwambia mwenye shamba habari za shamba lake. Nitakichora upya toka mwanzo, kwa namna nyingine, na safari hii hakitakuwa na kufuli.

Uliniuliza mara ya mwisho mlangoni kama najuta. Nilikuwa na haraka ya kutafuta usafiri, sikukujibu vizuri. Jibu ni hapana.

Aliyekuwa mbunifu wako


Nyumbani, 2 Aprili

Shangazi,

Wamenifukuza. Usipige kelele, nimekuandikia kwa karatasi makusudi.

Mahojiano yalikuwa mazuri, kwangu mimi. Waliniketisha upande mmoja wa meza, wao upande wa pili, wakaniambia mara kwa mara kwamba neno moja tu la radhi lingetosha. Neno moja! Nilikuwa nalo mdomoni, Shangazi, nisikudanganye. Nilifikiria kodi ya chumba, nikafikiria karakana, ile harufu ya gundi asubuhi. Kisha nikamfikiria Bi Mrefu amevaa kitenge kizuri akiwasubiri watu wasiokuja. Neno likarudi lilikotoka.

Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilifua mapazia. Leo nimekaa mezani, nachora.

Vipi Fundi Baiskeli?

Kidude


Ghalani, 13 Aprili

Mwanangu,

Nimepiga kelele hata hivyo. Majirani walidhani nyoka.

Fundi Baiskeli hajambo, amekuwa mwenyekiti. Ndiyo. Wa chini ni wengi, walipiga kura, wakasema wanataka mtu asiyeanika mambo ya nyumbani. Nimevuliwa uenyekiti. Walikuja wawili kuchukua mhuri, macho chini. Niliwapa, nikawakaribisha viti, nikawaambia kwamba zamu tuliyowaahidi wa juu imeandikwa na kutiwa sahihi, mwenyekiti awe nani au nani. Na maji yanapanda. Hilo hawawezi kulipigia kura.

Usinionee huruma. Mimi nawe tumefukuzwa mwezi mmoja, huo ni ukoo.

Sasa kazi. Tumepima mashamba yetu yote. Limebaki moja, lile la ukuta. Bwana Maji aliwaandikia, wakajibu watalifikiria. Wiki jana tulikwenda mimi, Bi Mrefu na wanawake wa juu, tukasimama langoni na vijiti vyetu mkononi. Mlinzi akasema, "Akina mama, hamna ruhusa." Nikamwambia hatuombi ruhusa, tumeleta taarifa kwamba tutakuja kila Jumatatu. Jumatatu iliyofuata tukarudi. Tulipokuwa tunaondoka, nani alikuja anasukuma baiskeli yake? Mwenyekiti mpya. Hakuniamkia. Alisimama tu pembeni yetu, akatazama lango.

Chumba cha nyuma cha ghala kina dirisha kubwa na meza imara. Hakina wa kukitumia. Udongo wa kule ndani ya ukuta hatuujui, unahitaji mtu wa kuusoma.

Shangazi


Nyumbani, 19 Aprili

Shangazi,

Nimeshamwambia mwenye nyumba. Nakuja na lori la mbolea, nimepanda juu ya magunia kama malkia, na oveni yangu kando.

Jina la kufukuzwa silitaki. Mimi nimetoka.

Jumatatu nitakuwa langoni pamoja nanyi. Mwambie mlinzi safari hii aandae kiti, maana hatuna haraka.

Kidude